Boliti Nne za Winchi

Mimi ni mtu wa kinyongo, wala sioni haya kusema. Wapo wanaokosewa asubuhi wakasahau jioni. Hao Mungu awazidishie. Mimi ukinikosea, hata miaka mitatu ipite, tukikutana dukani nitakumbuka siku ile ulivaa kofia gani. Jina langu ni Mwinyihaji. Nakaa Msambweni, nina miaka hamsini na minane, na kutoka hapa hadi Diani madereva wenzangu wananiita Asili. Nataka niwaeleze jinsi nilivyoapa kwa talaka ya mke wangu kwa ajili ya winchi ya gari. Jambo hili nalisema mwenyewe kwa sababu watu wa Ukunda wakilisema wanalitia chumvi, na lilivyo tu linatosha.

Nina Landrova ya mwaka sabini na nne, ile ndefu, yenye turubai nyuma. Marehemu baba aliinunua mnadani, akaiendesha mpaka macho yakamwisha nuru, kisha akanipa ufunguo na neno moja: gari hili usilitie kitu kigeni. Nami sikulitia. Taa ni zile zile, usukani ni ule ule, na kifuniko cha giaboksi kilipopasuka niliifuata Landrova nyingine iliyokufa huko Taveta, nikakifungua cha kwake kwa mikono yangu juani, nikarudi nacho mapajani ndani ya basi. Mafundi wa siku hizi wananiambia, "Mzee, tia injini ya Kijapani upumzike." Ng'o! Wapumzike wao. Ndipo wakaniita Asili, kwanza kwa kunicheka, baadaye kwa kuzoea.

Na gari la namna hii halitunzwi kwa maneno. Nikishuka nalo kwenye matope ya mikoko kule Gazi, siku hiyo hiyo, kabla chumvi haijakauka, lazima nilioshe chini kwa maji ya kisima, ndoo arubaini, nimelala chali juu ya mkeka mkuukuu. Kisha springi nazipaka oili chafu, nafungua difu, kasha la gia za magurudumu, nitazame kama maji yameingia, nakagua breki moja moja. Huku kwetu chumvi inakula chuma kimya kimya. Utaona gari la miaka kumi sakafu yake ina matundu, na langu lina nusu karne na ni zima. Maji hayo alikuwa akinichotea mke wangu, Subira. Miaka thelathini na moja amenichotea, akinung'unika, "Baba Yusra, mimi mgongo wangu hujausugua hivyo hata siku moja." Nami nikicheka.

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni wa Diani. Mgeni akikaa hotelini siku tatu anaichoka bahari, anatafuta mahali pa kutikiswa. Basi mimi nawapandisha njia za Kikoneni, zile za nyuma, tunavuka vijito, tunapita mashambani, tunapanda kilima ambacho hata punda anakifikiria mara mbili. Wanapiga kelele, wanachafuka mpaka masikioni, wanashuka wanacheka na kunikumbatia. Magari mapya yanaweza kuwapeleka, lakini hayo yana viti vya ngozi na baridi ndani, na mtu hawezi kusimulia kwao kwamba alikwenda porini akaona baridi.

Mbele ya Landrova, juu ya bampa, palikuwa na winchi, imefungwa kwa boliti nne. Kwa asiyeijua, winchi ni gurudumu la chuma lenye waya mnene uliozungushwa. Ukikwama topeni unauvuta waya ule, unaufunga kwenye mti, unaiendesha winchi, na gari linajivuta lenyewe likatoka. Mwenye winchi porini hamwombi mtu. Nayo ilikuja na gari, pamoja na waya wake, na hilo nililisema kwa kila aliyetaka kusikia na asiyetaka.

Sasa Kenga. Kenga ni mtu wa Ukunda, umri arubaini na kitu, naye anatembeza wageni kama mimi, kwa gari la juzijuzi lenye winchi ya umeme. Mwaka juzi, wakati wa masika, nilizama kwenye kijito kule Kikoneni, matope yakafika kwenye mihimili ya magurudumu. Nikaufunga waya kwenye mkorosho, nikaanza kuvuta. Waya ukakatika. Ulipita karibu na sikio langu ukivuma, ukapasua boneti kama mtu apasuavyo dafu. Hakuumia mtu. Dakika chache baadaye Kenga akatokea nyuma na wageni wake, akanivuta, nikatoka. Hapo ningemshukuru. Lakini muda wote ule alikuwa ameshika simu, anapiga picha za video, anasema kwa sauti, "Jamani njooni muone, Asili amelala! Asili anaomba msaada!"

Kufikia alasiri Ukunda yote ilikuwa imeiona. Wiki iliyofuata, harusini, nikawakuta shemeji zangu wameinamia simu, mabega yanawatikisika. Lo! Siku ile nilikula pilau sikuijua ladha yake. Nikasema moyoni, Kenga, siku yako inakuja, na nikiipata sitakupa hata nafasi ya kumeza mate.

Kabla hatujaachana pale kijitoni alikuwa ameniambia, "Mzee, lakini huo waya utakuua." Mimi nikasikia tusi. Nilipofika nyumbani niliuunga waya kwa vibanio vitatu vya chuma, nikaurudisha. Subira akaiona boneti iliyopasuka, akaniomba ninunue waya mpya.

"Waya huu ulikuja na gari," nikamwambia.

"Na wewe ulikuja na kichwa kimoja," akasema.

Akaniomba mwezi ule, akaniomba Ramadhani, akaniomba baada ya Idi. Mara ya mwisho nilimfokea hata kuku wakatawanyika uani. Hakuniomba tena.

Ijumaa moja ya mwezi wa nane nilirudi kutoka msikitini, nikaikuta bampa tupu. Winchi haipo! Mchana kweupe, saa ya swala, wanaume wote tumeinamisha vichwa mbele ya Mola wetu. Nilizunguka gari mara tatu nikisema peke yangu. Kisha nikachuchumaa kutazama vizuri, na nilichokiona nakisema leo, siku ile sikumwambia mtu. Boliti zote nne zilikuwa zimerudishwa kwenye matundu yake, kila moja na washa yake, kile kipete cha bati, zimekazwa kidogo kwa mkono zisipotee. Mimi nimeibiwa vitu vingi katika maisha yangu. Sijamwona mwizi anayerudisha boliti.

Niliona, nikalisukuma jambo hilo pembeni, kwa sababu chini ya bampa, majanini, palikuwa na spana namba kumi na tisa, mpini wake umepakwa rangi ya kijani. Pwani yote hii ni Kenga peke yake anayepaka spana zake kijani. Nikaiokota. Winchi iliniuma, ndiyo, lakini sitawadanganya: nilipoishika spana ile nilifurahi. Nilisikia utamu mpaka magotini. Tena Kenga haendi msikitini, Ijumaa kwake ni siku ya kazi. Hesabu yangu ikakamilika.

Jioni ile Subira akaniuliza, anakuna nazi, hanitazami, "Baba Yusra, winchi ikirudi, utamsamehe aliyeichukua?"

"Hata akiwa ametoka tumbo moja na mimi, simsamehe."

"Hata akirudisha mwenyewe?"

"Subira, hebu niache. Nikimsamehe huyo, niitwe mwanamke." Akaendelea na nazi yake.

Jumamosi saa nne nilikuwa Ukunda, pale kijiweni tunapongojea wageni. Madereva walikuwa kama tisa. Kenga alikuwapo, anafuta kioo. Nikamtupia spana miguuni, ikalia kwenye lami.

"Hiyo ya nani?"

Akaitazama. "Ni yangu, Mzee."

"Ilifika kwangu kwa miguu yake?"

"Spana ni yangu. Lakini sijakuibia."

"Basi nani aliyefungua winchi yangu?"

Akainama. Akasema polepole, "Hilo siwezi kusema, Mzee. Ngoja siku mbili tatu."

Ala! Aniibie kisha anipangie siku! Watu wakaanza kunong'ona. Chirau, dereva mwenzangu wa zamani, mtu mpole, akanishika mkono. "Mwinyihaji, taratibu. Huenda unadhani tu."

"Mimi sidhani!" nikapiga kelele. "Mimi najua! Wallahi, kama mwizi wa winchi yangu si huyu Kenga, basi mke wangu Subira ameachika, talaka tatu!"

Chirau akasema, "Astaghfirullah." Nikamwona Kenga amefungua kinywa, uso umembadilika rangi, kisha akakifunga. Akaingia garini kwake akaondoka. Nikasema, mnaona? Mwizi huyo. Nikaiokota spana yangu ya ushahidi nikaifunga kwa kamba kwenye kioo cha ndani cha Landrova, ining'inie, kila anayepanda aulize.

Wiki tatu zilizofuata nilikula kisasi changu kwa vidole vyote vitano. Nilikiitisha chama chetu cha madereva, Kenga akatolewa. Nilipita geti hadi geti kwenye mahoteli, nikiwaonyesha mabawabu ile spana, nikiwaambia wasimpe mwizi wageni. Gari lake zuri likakaa nyumbani kwake linakusanya majani ya mwarobaini. Nyumba yake si njia yangu, lakini nilikuwa napita makusudi, polepole, nikifika mlangoni napiga honi mara mbili. Siku moja alitoka akasimama barazani akanitazama tu. Nikapiga ya tatu.

Nyumbani mambo hayakuwa sawa. Kiapo changu kilifika Msambweni kabla yangu. Subira alinipokea mlangoni.

"Umeapa kwangu?"

"Nimeapa kwa haki."

"Kwangu mimi?"

"Kenga ni mwizi. Wewe una hofu gani?"

Siku hiyo hiyo alichukua mkeka na mto, akahamia sebuleni. Akasema chumbani kuna joto. Mwezi wa nane, yakhe! Mwezi wenyewe tunajifunika shuka mbili. Nikadhani amenuna, nikasema hasira itamwisha yenyewe, mimi sina haja ya kubembeleza. Chakula alinipikia, maji alinichotea, lakini alikuwa akiweka sahani mezani na kuondoka kabla sijanyosha mkono.

Sasa sikilizeni lilivyofumuka. Alhamisi ya wiki ya tatu, baada ya alasiri, mgongo uliniuma nikaenda kujinyoosha kitandani. Nikasikia harufu. Nikainusa mikono yangu, si yenyewe. Ilikuwa harufu ya gia oili, ile nzito inayonuka kama yai viza, na mtu aliyelala chini ya magari miaka arubaini hawezi kukosea harufu ile. Nikatazama sakafuni. Mstari mwembamba mweusi ulitoka chini ya kitanda, ukapita kwenye ufa wa saruji, ukafika kwenye upindo wa mswala wangu. Nikachovya kidole. Oili ya zamani, iliyochoka, yenye chembe za shaba ndani yake. Oili yangu. Winchi yangu imekuwa ikivuja kwenye sili ya upande wa kushoto, ule mpira wa kuzuia oili, tangu enzi za baba, na sikuibadilisha sili kwa sababu ilikuwa ya asili.

Nikapiga magoti. Nyuma ya masanduku ya nguo, imefungwa kwa leso mbili kuukuu za Subira, ilikuwa winchi. Wiki tatu nimelala juu yake nikipanga jinsi ya kummaliza Kenga.

Subira akaja na ungo mkononi, akanikuta nimekaa sakafuni na winchi mbele yangu. Hakushtuka. Alichofanya ni kuvuta leso akafunika nywele zake, akaishika kidevuni, kama afanyavyo akija mwanamume wa kando. Nilipoona hivyo nilielewa, hata kabla hajasema neno.

"Kenga alikuja hapa baada ya Idi," akasema, amesimama mlangoni, haingii. "Akasema, Mama, mimi nilicheka siku ile, nimekosa, lakini waya ule niliuona ukipita karibu na kichwa cha mzee na tangu hapo silali vizuri. Mwambie aubadilishe. Nikamwambia hasikii. Mimi ndiye niliyemwambia aje Ijumaa aifungue, kwa sababu mimi sina nguvu za kuifungua. Bila winchi huendi milimani, hilo nalijua. Kaka yangu Boga alikuwa ameagiza waya mpya Mombasa. Ziwe siku mbili, tatu, nikurudishie na waya wake. Boga akachelewa. Nawe ukaenda ukaapa."

"Mbona hukusema?"

"Ijumaa nilikuuliza kama utasamehe. Ulinijibu nini? Na Jumamosi ulikuwa umekwisha niacha. Ningesema, dunia nzima ingejua nimeachika. Niliponyamaza, nilijua peke yangu."

"Na Kenga?"

"Kenga nilimwomba anyamaze. Akasema, Mama, nyumba isivunjike kwa neno langu, waache waniite mwizi."

Kesho yake asubuhi Subira alikwenda Gazi kwa Boga, na furushi moja. Aliacha maji yamejaa madebe yote.

Nilikaa siku mbili bila kula. Mnadhani nilijuta? Siku ya kwanza nilikuwa na hasira na kila mtu: Subira kwa kunificha, Boga kwa kuchelewa, Kenga kwa kuwa mtu mwema nisipotaka awe mwema. Hilo la mwisho liliniumiza zaidi ya yote. Siku ya pili nikaingia uani nikaona madebe. Nikaenda kwa Mwalimu Abdulbasit, anayetusomesha msikitini kwetu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwinyihaji, nakuuliza jambo moja, na jibu lake si la kunipendeza mimi. Ulipoapa, ulikuwa na yakini kwamba ni Kenga? Au ulidhani? Wapo wanazuoni wetu wanaosema, aliyeapa juu ya alichokidhani, kisha ikawa sivyo, ana mlango wa kutokea. Aliyeapa juu ya jambo lenyewe, kwamba liko hivi na si vingine, huyo ni mlango mwingine, na ni mzito."

Mbele ya watu tisa nilikuwa nimesema sidhani, najua. Nikaona njia mbili. Nikisema nilijua, heshima yangu ya Ukunda inabaki na Subira anakwenda. Nikisema nilidhani, nimejivua nguo mimi mwenyewe. Nikafungua kinywa niseme nilidhani, nacho kikasema jingine kabisa.

"Mwalimu, boliti zilikuwa zimerudishwa."

"Boliti gani?"

Nikamweleza. Boliti nne, kila moja na washa yake. Nikamwambia, nilijua pale pale kwamba si mwizi aliyefanya vile. Nilijua na sikutaka kujua. Sikuwa na yakini, wala sikudhani. Nilitaka iwe yeye. Nilikuwa nimeingoja siku ile mwaka mzima, sikuwa tayari kuipoteza kwa ajili ya boliti.

"Kutaka si kujua," akasema Mwalimu. "Nenda. Nitawauliza walionizidi."

Ijumaa mbili zikapita. Akaniita akaniambia kwamba kwa kauli waliyoishika wao talaka haikuanguka, nilete toba, nitoe kafara ya kiapo changu, na jina la mtu nililolichafua nilisafishe mahali pale pale nilipolichafulia, mbele ya masikio yale yale. Nikamwambia, Mwalimu, niongezee funga mwezi mzima badala ya hilo la mwisho. Akatikisa kichwa.

Nikaenda Ukunda. Chirau aliwakusanya wote, akamleta na Kenga. Nikaifungua spana kwenye kioo nikamkabidhi. Nikasema, kwa sauti ya chini, "Kenga hakuniibia."

Kenga akaipangusa spana kwa shati, akaitia mfukoni. Kisha akatoa simu. Akainyanyua, akailenga uso wangu.

"Sema tena, Mzee," akasema. "Mara hii kwa sauti. Na honi zile, useme pia."

Haki ya Mungu, ningekuwa na jeki mkononi ningemrushia. Damu ilinipanda mpaka macho yakaona giza. Lakini akilini nilimwona Subira amevuta leso. Nikasema. Nilisema yote kwenye ile simu: kwamba sikujua, kwamba niliona boliti nikanyamaza, kwamba nilimtoa chamani kwa chuki, kwamba honi nilipiga tatu. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya kuliko kama wangalicheka. Kenga akaizima simu. Akanipa mkono, ukiwa mgumu, akaondoka. Kufikia alasiri Ukunda yote ilikuwa imeiona, na kufikia magharibi Gazi pia.

Boga alikuwa amekwisha leta ule waya mpya. Niliufunga mwenyewe kwenye winchi, mita thelathini, unang'aa mpaka unaniudhi, kitu kigeni cha kwanza kwenye gari la baba yangu. Na sili ya kushoto nikaibadilisha. Nikairudisha winchi kwenye bampa, nikazikaza boliti nne, nikaendesha hadi Gazi.

Subira alikuwa barazani kwa Boga, anachagua mchele. Boga alikuwa pembeni anashona wavu. Nikasalimu, nikamwonyesha waya, nikamweleza maneno ya Mwalimu. Alisikiliza huku vidole vyake vinatafuta mawe kwenye ungo.

"Mwalimu amesema sijaachika," akasema. "Alhamdulillahi. Nina swali moja. Siku ile Ukunda, mbona hukuapa kwa Landrova?"

"Vipi?"

"Ungesema, kama mwizi si Kenga, basi Landrova yangu ni ya Kenga. Mbona haikukujia?"

Nilimtazama Boga, akainamia wavu wake. Jibu nilikuwa nalo, naye alikuwa nalo.

"Basi ahidi sasa," akasema. "Boga ni shahidi. Ukilitia tena jina langu katika kiapo, cha kweli au cha uongo, siku hiyo hiyo Landrova ni ya Kenga, na ufunguo utampelekea wewe mwenyewe."

Nikafungua kinywa. Nikaitazama Landrova, imesimama kwenye mchanga mlangoni, boneti yake na ule mshono wa pale waya ulipoipasua. Nikamfikiria Kenga ameshika ule usukani. Nikameza mate. Kisha nikaahidi, neno kwa neno, kama alivyotaka.

Akainuka, akachukua furushi lake, akapanda mbele. Tukaendesha mpaka karibu na Msambweni.

"Nimehesabu," akasema.

"Umehesabu nini?"

"Pale uliponyamaza kabla ya kuahidi. Nimefika kumi na saba. Talaka tatu ulizitamka bila kuvuta pumzi."

Ni mwaka sasa. Amerudi chumbani, anapika, tunacheka. Lakini kumi na saba ile hajanisamehe, na hanifichi. Nadhani kinyongo amejifunza kwangu. Nikirudi kutoka matopeni, ndoo zote arubaini nazichota mwenyewe. Yeye huketi kizingitini na kikombe chake cha chai, anazihesabu kwa sauti, na nikichoka nikakomea kwenye ya thelathini na tisa, hunirudisha kisimani.